Majina kumi na moja

Ukurasa wa kwanza wa daftari letu ulikuwa na majina kumi na moja. Niliyaandika mimi. Nilikuwa msichana, mwandiko wangu ulisomeka, na katika kikao kile hakuna aliyewaza kwamba ukatibu ungeweza kwenda kwa mvulana. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Wiki mbili kabla ya hapo uongozi wa chuo ulikuwa umelivunja baraza la wanafunzi, baada ya uchaguzi kuwapa ushindi watu ambao wakubwa hawakuwataka. Tulikaa sakafuni, watu kumi na mmoja, katika chumba ambacho kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa na ufunguo wake, tukiulizana la kufanya.

Kwa miaka mingi nimesimulia kwamba harakati yetu ilizaliwa usiku ule. Sasa najua sivyo. Kati ya wale kumi na mmoja, saba walikuwa wakijisomea pamoja kila usiku kwa zaidi ya mwaka. Waliazimana vitabu, waliuguzana, walijuana hadi shida za nyumbani kwao. Wawili walicheza timu moja. Mimi nilivutwa na mwenzangu wa chumba, aliyekuwa mmoja wa wale saba. Aliyekuja peke yake, bila kuitwa na mtu, kwa uchungu wake mwenyewe, ni yule mwenye ufunguo.

Siku tatu baadaye tulibandika matangazo kila ukuta tukaitisha mkutano wa wanafunzi wote. Walikuja watu thelathini na kitu, nusu yao wapita njia. Hasira haikuwa haba: kila aliyelisoma tangazo alitikisa kichwa kukubali. Ila mtu hatoki chumbani kwake kwenda mahali anapoweza kufukuzwa masomo kwa sababu tu ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Hutoka akiitwa na mtu anayemjua, mtu ambaye kesho atamwuliza, "Jana mbona sikukuona?" Tukaacha matangazo. Kila mmoja wetu akapewa kazi ya kuwaendea watu watano anaowajua kwa majina, na hao watano kila mmoja akawaendee watano wake. Mkutano wa tatu ulijaa mpaka watu wakasimama ngazini.

Nilipoanza kusoma habari za harakati za wengine, nilikuwa nimeshamaliza chuo, na jambo hili nililikuta kila nilipogeuka. Huko Montgomery, Marekani, simulizi iliyozoeleka ni ya mshonaji aliyechoka, ambaye tarehe 1 Desemba 1955 alikataa kumwachia mzungu kiti ndani ya basi. Ni kweli Rosa Parks alikuwa mshonaji. Lakini alikuwa pia amekuwa katibu wa tawi la mji ule la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kazi aliyoianza mwaka 1943, na alikwishazunguka akiandika maelezo ya watu weusi waliopigwa na wanawake waliobakwa, kesi ambazo mahakama hazikutaka kuzisikia. Usiku wa kukamatwa kwake, mwalimu wa chuo aitwaye Jo Ann Robinson aliingia kazini kwake gizani, akadurufu vipeperushi kwa maelfu hadi kukapambazuka, akisaidiwa na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili. Alijua pa kuvipeleka, kwa kuwa chama cha wanawake alichokiongoza kilikuwa kimelipanga suala la kususia mabasi tangu zamani. Mei 1954 alikuwa amemwandikia meya barua ya kumwonya juu ya jambo hilohilo. Watu walitembea kwa miguu na kupeana lifti za magari kwa siku 381.

Nilipogundua kwamba Parks alikuwa katibu, nililia. Nilikuwa nimebeba kwa muda mrefu wazo kwamba mimi nilikuwa mwandishi tu, na kwamba harakati yenyewe ilikuwa ya wale waliopanda jukwaani.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunao mfano ulio karibu zaidi. TANU iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954 haikushuka kutoka hewani. Ilitoka ndani ya TAA, chama kilichokuwepo tangu mwaka 1929, kwa muda mrefu kikishughulikia zaidi ustawi wa wanachama wake kuliko siasa za kudai uhuru. Na Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza akina mama chamani mwaka 1955, hakuanza kwa kuhutubia wasiomfahamu. Alikuwa mwimbaji wa ngoma. Vikundi vya ngoma vya wanawake vilikuwa tayari na viongozi wao, michango yao na namna zao za kupelekeana habari, na wanawake walioingia TANU kwa maelfu waliingia wakiwa na wenzao waliokwisha kuzikana na kuozeshana. Mwanahistoria anaweza kuutaja mwaka 1955 kuwa mwanzo. Mimi ningeuliza kwanza ngoma ile ilianza lini.

Madai yetu ya kwanza yalikuwa madogo. Tulitaka baraza lirudishwe. Sikuwa mpinzani wa serikali, wala sikuwa nimewahi kufikiria kwamba ningekuwa mmoja. Nilikuwa na ugomvi na uongozi wa chuo kimoja, basi. Aliyenionyesha serikali ilipo ni askari aliyeingia bwenini kwetu saa nane za usiku na kirungu, kwa ombi la uongozi huohuo. Asubuhi yake madai yalikuwa sita badala ya moja, na la sita lilimtaja waziri. Hatukukaa kikao kuamua kwamba tuwe harakati ya kisiasa. Kirungu kiliamua.

Nadhani ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Tarehe 14 Agosti 1980, wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Gdańsk, Poland, waligoma kwa sababu mwendesha winchi, Anna Walentynowicz, alikuwa amefukuzwa kazi miezi michache kabla ya kustaafu. Walimtaka arudi, na walitaka nyongeza ya mshahara. Siku chache baadaye karatasi ya madai ilikuwa na mambo 21, na la kwanza kabisa lilikuwa haki ya kuwa na vyama huru vya wafanyakazi, jambo ambalo hakuna dola ya kikomunisti iliyokuwa imewahi kulikubali. Sudan nayo, Desemba 2018, watu wa Atbara walitoka kwa sababu ya bei ya mkate. Haukupita muda wakawa wanamtaka Omar al-Bashir aondoke, na tarehe 11 Aprili 2019 akaondolewa.

Sasa nifike mahali ambapo pananiuma kupaandika.

Tulipokua, daftari lilifika majina mia nne na kitu. Walimu kadhaa walikuwa upande wetu kimyakimya. Wafanyakazi wa usafi walituletea maji ya kunywa wakati wa kukaa chini nje ya jengo la utawala, na mama mmoja kati yao alizoea kutuimbia. Kisha usiku mmoja gari la chuo likapigwa mawe na stoo ikachomwa. Mpaka leo sijui nani alifanya. Ninachojua ni hesabu ya kesho yake: walimu hawakuonekana, wafanyakazi wa usafi hawakuonekana, na mama yule hakuimba tena. Hawakuacha kuamini madai yetu. Walikuwa na watoto wa kulisha, na kukaa chini pamoja nasi kuligeuka ghafla kuwa kosa la jinai.

Kuna watafiti wawili waliochunguza kampeni 323 za upinzani, za amani na za silaha, kati ya mwaka 1900 na 2006. Zile za amani zilifanikiwa kwa asilimia 53, za silaha asilimia 26. Watu huzitaja takwimu hizi kama hoja ya maadili. Mimi huzisoma kwa kumkumbuka yule mama. Kukaa chini na kuimba anaweza bibi, anaweza mtoto, anaweza mwenye magongo. Kurusha jiwe ni kazi ya kijana mwenye mbio. Siku jiwe linaporuka, mlango wa kuingilia harakati unakuwa mwembamba, na wanaobaki ndani ni watu wa aina moja.

Gandhi alilijua hilo kwa gharama kubwa. Februari 1922, waandamanaji wa Chauri Chaura, India, waliposhambuliwa walikichoma kituo cha polisi na kuua zaidi ya polisi 20 waliokuwa ndani. Alisimamisha kampeni nzima ya nchi ya kuugomea utawala wa Waingereza. Wenzake, baadhi yao wakiwa gerezani kwa ajili ya kampeni hiyohiyo, walikasirika mno, na huenda hata mimi ningekasirika. Ilimchukua miaka minane kurudi na kitu kikubwa kama kile, matembezi ya chumvi ya mwaka 1930, ya kupinga sheria ya Waingereza juu ya chumvi.

Hata hivyo siwezi kumwelekezea kidole kila aliyeshika silaha. ANC ya Afrika Kusini ilianzishwa mwaka 1912, ikaandika maombi, ikatuma wajumbe, ikagoma, ikavunja sheria kwa utulivu. Machi 1960 polisi wa Sharpeville wakapiga risasi umati uliokuwa ukipinga pasi ambazo watu weusi walilazimishwa kubeba, watu 69 wakafa kwa hesabu rasmi, na mwezi uliofuata ANC na PAC, chama kilichojitenga nayo, zikapigwa marufuku. Umkhonto we Sizwe, tawi la silaha la ANC, ilijitangaza tarehe 16 Desemba 1961. Mtu aliyebisha hodi karibu nusu karne simwambii abishe tena. Ila nalitazama pia hili: kilichoifanya Afrika Kusini isitawalike miaka ya themanini hakikuwa bunduki za msituni peke yake. Kulikuwa na vyama vya wafanyakazi, makanisa, kamati za wakazi wa mitaa, na mamia ya vikundi vya namna hiyo vilivyoungana mwaka 1983 chini ya UDF, muungano wa kupinga ubaguzi wa rangi.

Baada ya moto tukaanza kutafutana uchawi. Palikuwa na mtu wa kupandikizwa kati yetu, hilo lilithibitika baadaye. Alikuwa mcheshi, mwenye fedha za kuchapisha wakati wowote tulipokwama, na kila mara alipendekeza hatua kali kuliko iliyopendekezwa na mwingine. Tulimpenda. Aliyeshukiwa ni yule mwenye ufunguo, kwa kosa moja tu: hakuna aliyemjua kabla. Hakuwa na mtu wa kusimama na kusema, "Huyu nimelala naye chumba kimoja, namjua." Kule kujuana kulikotupa nguvu ya kuanza ndiko kulikomhukumu. Kikao kilichukua dakika ishirini. Hakujitetea sana. Aliweka ufunguo sakafuni mbele yetu akatoka, na mimi nikaukata mstari juu ya jina lake kwa kalamu ileile niliyomwandikia.

Akina Mama wa Plaza de Mayo, Argentina, walifanyiwa ubaya mkubwa zaidi ya huo. Wanawake 14 walikutana uwanjani hapo tarehe 30 Aprili 1977 kuwauliza watawala wa kijeshi walikowapeleka watoto wao. Polisi wakawaambia hairuhusiwi kusimama makundi, watembee. Basi wakaanza kutembea wawiliwawili wakiuzunguka mnara, na mzunguko huo ukawa ndio alama yao. Afisa wa jeshi la majini, Alfredo Astiz, akajiunga nao akijifanya ndugu wa kijana aliyepotea. Desemba mwaka huohuo watu 12 wa kundi lao na waliowaunga mkono wakatekwa, wakiwemo waanzilishi watatu: Azucena Villaflor, Esther Ballestrino na María Ponce. Hawakurudi. Waliobaki walikuwa na kila sababu ya kuogopa kila uso mpya. Walirudi uwanjani Alhamisi, na Alhamisi iliyofuata, na wakaendelea kuwapokea akina mama wapya. Nikilinganisha na dakika zetu ishirini, nakosa la kusema.

Misako ilipoanza, nililichoma daftari. Nililirarua ukurasa kwa ukurasa juu ya sinki la bafuni, nikafungulia maji majivu yapite. Sijutii. Wenzetu katika vyuo viwili vingine walikamatwa kwa orodha. Baada ya hapo tukajigawa vikundi vya watu watano au sita, kila kikundi kikiwajua watu wake tu, na ujumbe ukipita kwa mdomo. Mfumo ule uliwaokoa watu wengi. Lakini ulitugeuza pia, na hatukuona ulivyokuwa ukitugeuza. Mkutano uliojaa mpaka ngazini ulikuwa umekufa. Maamuzi yakawa ya watu watano waliojuana, mimi nikiwa mmoja wao, na hakuna kati ya mia nne aliyekuwa na mahali pa kusema sikubali.

Hapo ndipo mwaliko wa mazungumzo ulipokuja. Waliitwa wawili, kwa siri, na wakaenda kwa siri. Walirudi baada ya siku tatu na karatasi iliyosainiwa. Baraza lingerudishwa, ila mwenyekiti wake angeteuliwa na uongozi. Waliosimamishwa masomo wangerudi, isipokuwa wachache. Mimi nilikuwa kati ya hao wachache. Huenda masharti yale ndiyo yaliyowezekana kwa wakati ule. Leo naweza kulikubali hilo. Kilichotuua ni kwamba watu walisikia habari kwanza kutoka kwa uongozi wa chuo, kwa tangazo lililobandikwa ukutani. Kufikia jioni kulikuwa na "watu wa karatasi" na "watu wa mgomo", na waliokuwa wakisoma pamoja usiku hawakusalimiana tena. Neno msaliti lilitumika kwa urahisi uliotisha.

Kila nikisoma kuhusu Gdańsk narudi kwenye vipaza sauti. Wajumbe wa serikali walipokuja kuzungumza na wagomaji mwaka 1980, mazungumzo yalirushwa kwa vipaza sauti vya kiwanda, hivi kwamba maelfu waliokaa nje walisikia kila neno, pamoja na wajumbe wao wenyewe wakisitasita. Na si kwamba watu wale hawakuwa na mpasuko. Tarehe 16 Agosti Lech Wałęsa, kiongozi wa mgomo, alikwisha kutangaza kwamba mgomo umekwisha, kwa kuwa kiwanda chao kilikuwa kimepata nyongeza, na wanaume wakaanza kumiminika kwenda makwao. Waliowazuia getini ni wanawake: Walentynowicz, muuguzi Alina Pieńkowska, na dereva wa tramu Henryka Krzywonos, waliowakumbusha kwamba viwanda vidogo vilivyogoma kuwaunga mkono vingesagwa vikiachwa peke yake. Mgomo ukaendelea, mkataba ukasainiwa tarehe 31 Agosti, na Solidarność, chama huru cha wafanyakazi kilichotokana na mgomo ule, kikafikia wanachama kama milioni kumi. Ulipotangazwa utawala wa kijeshi tarehe 13 Desemba 1981, viongozi wakafungwa na chama kikapigwa marufuku, lakini kikaendelea chini kwa chini hadi mwaka 1989, kilipokaa tena meza moja na serikali. Sisi tulikuwa na siku tatu za kimya, na kimya kile kilitumaliza.

Nilisema tulikufa. Si kweli kabisa. Wakati wa misako, wasichana sita wa kikundi kimoja walikuwa wamejipa kazi ambayo hakuna aliyewatuma: kufuatilia aliyekamatwa yuko kituo gani, kumpelekea chakula, kumjulisha mama yake, kuhudhuria mahakamani hata kama kesi inaahirishwa mara kumi. Katika mpasuko ule, wao hawakuchagua upande, kwa sababu mahabusu walikuwa wa pande zote mbili. Karatasi ilipokuja hawakusimama, maana mahabusu hawakuisha. Nilijiunga nao mwaka wangu wa kusimamishwa. Kazi ile imebadilika majina mara kadhaa, imekuwa na wanasheria, imewalea vijana ambao hawajawahi kusikia habari za baraza letu, na bado ipo.

Ninapoifuatilia Sudan siku hizi naliona jambo hilihili kwa kiwango kinachonipita. Kamati za upinzani za mitaani ndizo zilizobeba maandamano. Baada ya mauaji ya waandamanaji ya tarehe 3 Juni 2019 mjini Khartoum intaneti ilizimwa, na bado tarehe 30 Juni watu walifurika barabarani, wamepeana habari mtaa kwa mtaa, mlango kwa mlango. Jeshi likapindua serikali ya mpito Oktoba 2021, kamati zikatoka tena. Vita vilipolipuka Aprili 2023 na dola ikaporomoka, wengi wa watu walewale wakaanzisha Vyumba vya Dharura: majiko ya jumuiya, dawa, kuwaondoa watu kwenye mapigano. Mtu akiniuliza kama mapinduzi yale yalishindwa, siwezi kumjibu ndiyo huku majiko yanawaka.

Miaka mingi baada ya yote haya, nilikutana na mmoja wa wale wawili waliokwenda kwenye mazungumzo. Ndiye aliyenitafuta. Tuliongea saa nne, na juu ya karatasi ile hatukukubaliana, wala sidhani tutakubaliana. Kisha akaniuliza, "Dada, lile daftari bado unalo?"

Nikamwambia nililichoma.

Alikaa kimya kidogo. Akasema watoto wake humwuliza walikuwa akina nani, naye hutaja majina matatu au manne, yaleyale kila mara. Nikatoa karatasi tujaribu kuuandika upya ukurasa wa kwanza. Nilianza na jina la mwenye ufunguo. Aliliangalia, hakusema kitu, akachukua kalamu akaandika la pili chini yake. Tukaendelea kupokezana hadi giza likaingia. Tulifika tisa.